Dawa za sonona, wasiwasi na Parkinson zina kalenda yake, na mgonjwa haambiwi

Mgonjwa anayetoka kwa daktari wa afya ya akili hapa Nyanda za Juu Kusini hupita dirisha la dawa kama wagonjwa wengine wote. Anapewa kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 1 usiku", jina la dawa ambalo hata mjukuu wake wa kidato cha nne hulisoma kwa kugugumia, kisha anasikia: "Anayefuata!" Nyuma yake foleni imefika hadi mlangoni na mhudumu yuko peke yake tangu asubuhi. Simlaumu. Ila kibahasha kile kimeacha jambo ambalo mara nyingi ndilo huamua kama mgonjwa ataendelea na dawa au ataitupa kabla mwezi haujaisha: itaanza kumsumbua lini, na itaanza kumsaidia lini.

Hayo mawili hayaji siku moja. Dawa za sonona husumbua kwanza, nafuu hufuata. Dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya Valium hufanya kinyume chake: nafuu huja usiku uleule, tabu huingia polepole wiki zinavyokwenda. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kuupotezea mwili wepesi, humpa mtu miaka kadhaa mizuri kabla ya kuonyesha upande wake mwingine. Kila dawa ina kalenda yake. Asiyeijua ataikimbia dawa iliyokuwa karibu kumsaidia na kuing'ang'ania ile aliyopaswa kuiacha mapema. Naamini kabisa kwamba mapungufu mengi tunayoyabebesha wagonjwa, tukisema hawafuati masharti, yanaanzia hapo.

Chukua fluoksetini. Marekani iliiidhinisha mwaka 1987, na leo ni dawa ya bei nafuu iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu. Wiki ya kwanza na ya pili huleta kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kichwa kuuma, usingizi kukatika na, kwa baadhi ya watu, mwili kukosa utulivu. Moyo huanza kuchangamka kati ya wiki ya pili na ya nne, wengine hadi wiki ya sita. Sasa mfikirie mama anayeuza nyanya pale Ilula, aliyekwenda hospitali kwa sababu hali, halali, na hana hamu hata ya kuongea na watoto wake. Siku ya nne bado halali, chakula ndiyo kwanza hakipiti, na juu yake kimeongezeka kichefuchefu. Kwa hesabu yake, dawa imemzidishia ugonjwa. Anaiacha. Hesabu hiyo si ya kijinga hata kidogo. Ndiyo hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga kama angepewa taarifa nusu.

Angeambiwa hivi: "Mama, wiki mbili za mwanzo tumbo litakusumbua kidogo. Meza asubuhi baada ya chai ili isikukatie usingizi. Ikikuzidi, rudi, usikae nayo nyumbani. Nafuu usiitafute kabla ya wiki ya tatu." Maneno hayo hayafiki dakika moja. Na sisemi kwamba kila anayevumilia atapona kwa dawa hiyo, maana wapo ambao haiwafai, ikabidi dozi ibadilishwe, au dawa yenyewe, au mazungumzo ya ushauri ndiyo yawe tiba kuu. Lakini huwezi kujua kama dawa imeshindwa ikiwa imemezwa siku nne.

Kuna jambo jingine kuhusu dawa za kundi hili ambalo wahudumu wengi wanaona haya kulitaja, nami nalitaja. Hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na kwa wanaume huchelewesha kumaliza au kuzuia kabisa. Ni miongoni mwa madhara ya kawaida sana ya dawa hizi. Mwanamume ambaye hakuambiwa hatarudi kliniki kulisema mbele ya nesi aliye umri wa binti yake. Atakwenda kununua dawa ya nguvu za kiume sokoni, au ataacha vidonge kimyakimya, na nyumbani mkewe ataanza kuhisi kuna mwanamke mwingine. Ndoa inatikiswa na dawa ambayo daktari angeweza kuipunguza au kuibadilisha kama angeambiwa.

Amitriptilini ni ya zamani zaidi, inatumika tangu miaka ya 1960, na huku kwetu ndiyo wengi wanaifahamu. Hutolewa kwa sonona, lakini kwa dozi ndogo hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu: miguu inayowaka moto ya mgonjwa wa kisukari, au ganzi ya mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Mwenye kisukari asiyeelezwa hivyo huulizia kwa jirani, anaambiwa hiyo ni "dawa ya vichaa", na ndio mwisho wa kuimeza. Madhara yake ni mdomo kukauka, choo kuwa kigumu, mkojo kusita, macho kuona ukungu, usingizi mzito, na presha kushuka mtu anaposimama ghafla.

Hili la presha lina uzito wa pekee kwa mazingira yetu. Usiku wa mwezi wa sita au wa saba kule Njombe na Makete baridi inakata, choo kiko nje ya nyumba, na njia yake ni mawe. Bibi wa miaka sabini amemeza amitriptilini saa mbili usiku. Saa tisa anabanwa na mkojo, anainuka mara moja kitandani ili awahi kurudi kwenye blanketi, kizunguzungu kinamkamata mlangoni. Nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Kinga yake ni rahisi: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, asubiri kichwa kitulie, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Au awekewe ndoo chumbani. Daktari naye ajiulize kama mzee huyo alihitaji dawa hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa kwa wazee zipo zilizo salama kuliko hiyo.

Amitriptilini ina hatari nyingine, nayo ni kubwa: ikimezwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo. Kwa mtu ambaye ameshakata tamaa ya kuishi, kumpa dozi ya miezi mitatu aende nayo nyumbani ni kumweka hatarini. Apewe ya wiki moja au mbili, na ndugu aitunze. Kwa vijana nako kuna kalenda ya kuangalia. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona zibebe onyo kali kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Kipindi cha kuwa macho zaidi ni wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Onyo hilo halisemi kijana mwenye sonona aachwe bila tiba. Linataka asiachwe peke yake katika wiki hizo: mzazi, mwalimu wa malezi au mwenzake wa chumbani ajue kwamba kijana akianza kuhangaika, kutolala kabisa au kuzungumzia kifo, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Na hapa sheria yetu inatuangusha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Familia inayoogopa polisi haitamwambia nesi ukweli, na nesi asiyeambiwa ukweli hawezi kujua ni dawa gani ya kutoa wala ni kiasi gani.

Nije kwenye wasiwasi. Valium, yaani diazepamu, iliingia sokoni Marekani mwaka 1963, na ukiuliza nyumba nyingi za wazee utakuta wanaiita tu "dawa ya usingizi". Inafanya kazi haraka, na hapo ndipo shida ilipo. Mtu aliyekaa mwezi mzima na moyo unaodunda na mawazo yasiyolala, akilala usiku mmoja kama mtoto, ataipenda dawa hiyo kuliko daktari aliyemwandikia. Miongozo ya tiba inataka isizidi wiki mbili hadi nne. Ikiendelea, mwili unaizoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, na kumbukumbu na umakini vinapungua. Akiiacha ghafla, wasiwasi unarudi kwa kishindo, mwili unatetemeka, na wengine hupata degedege. Anayetaka kuiacha baada ya matumizi ya muda mrefu apunguziwe polepole, wiki hadi wiki, chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Kisha kuna ulanzi. Msimu wa mvua Iringa na Njombe mianzi inapogemwa, ulanzi ni kinywaji cha watu wote, ni cha kumkaribishia mgeni na cha kumaliza kazi ya shamba, na mtu anayekunywa ulanzi mtamu wa asubuhi wala hajihesabu kuwa amelewa. Diazepamu na pombe zote mbili hupunguza kasi ya upumuaji, na zikikutana kila moja huongeza nguvu ya mwenzake. Mhudumu anayemwambia mgonjwa "usitumie kilevi" huwa hajamwambia kitu, kwa sababu mgonjwa anafikiria bia ya chupa. Ataje ulanzi. Ataje komoni. Aseme hata kikombe kimoja.

Sasa Parkinson. Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, aliandika juu ya watu waliotetemeka mikono wakiwa wamepumzika na kutembea kwa hatua fupi wakiinama mbele. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa taratibu, na mwili hupoteza wepesi wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu zaidi ya milioni 8.5 wanaishi nao. Hapa Tanzania, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, walipata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Sioni sababu ya kudhani vijiji vya Rungwe au Mufindi vina hali nzuri kuliko Hai. Mzee anatetemeka, watu wanasema ni uzee. Au wanaanza kutajana majina ya walioroga.

Levodopa, ambayo ilithibitisha uwezo wake mwishoni mwa miaka ya 1960 na leo hutolewa ikiwa imechanganywa na karbidopa, humrudishia mgonjwa kijiko mkononi. Mwanzoni kuna kichefuchefu na presha kushuka, lakini kwa wengi miaka ya mwanzo ni mizuri. Baada ya miaka mitano hivi, mara nyingi dawa huanza kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, na mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe dawa inapokuwa juu. Familia isiyojua huona mzee "anacheza" na kudhani ugonjwa umegeuka kuwa pepo. Kumbe ni dozi na saa zake zinazohitaji kupangwa upya.

Hata chakula kina saa yake. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini, hivyo mzee anayemeza kidonge pamoja na ugali na maharage au glasi ya maziwa anaweza kupata nusu ya faida. Ameze nusu saa kabla ya kula; maharage yatamsubiri. Na kwa kuwa tumegusa mambo ya shamba: mbegu za upupu, ule unaowasha ambao kila mtoto wa kijijini anaujua, zina levodopa ndani yake, na wapo watakaokuuzia unga wake. Kiasi kilichomo hubadilika mbegu hadi mbegu. Anayeuongeza juu ya vidonge bila daktari kujua anacheza na dozi asiyoijua.

Zipo pia dawa za Parkinson kama pramipeksoli ambazo kwa baadhi ya watu hufungua tamaa zisizozuilika. Mzee ambaye hajawahi kubeti maisha yake yote anaanza kujaza mikeka kutwa na kuuza mahindi ya ghala kwa siri. Familia ikijua kwamba hilo ni dhara la dawa, watampeleka kwa daktari badala ya kumwitia kikao cha ukoo.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote kwa wagonjwa hawa ni hii. Mtu mwenye Parkinson anaweza kuanza kuona watu wasiokuwepo, ama kwa ugonjwa wenyewe, ama kwa dawa. Usiku anaanza kuzungumza na marehemu kaka yake. Ndugu wanampeleka kituo cha karibu, anaonekana ni mgonjwa wa akili, anachomwa sindano ya haloperidoli. Dawa hiyo huzuia dopamini, kitu kilekile anachokikosa. Kesho yake amekakamaa, hamezi, haongei. Zipo dawa nyingine, kama kwetiapini au klozapini, ambazo wataalamu huzitumia kwa uangalifu katika hali hiyo, lakini kwanza mhudumu ajue kwamba mbele yake yupo mgonjwa wa Parkinson. Ndugu, mkimpeleka, semeni hilo kabla ya jambo lolote.

Na haloperidoli haiishii hapo. Yenyewe, pamoja na Largactil ya magonjwa ya akili, Plasil ya kuzuia kutapika na Stugeron ya kizunguzungu, zinaweza kumletea mtu mzima wa afya kutetemeka na kukakamaa kunakofanana na Parkinson. Nilishuhudia hili kwa mama wa rafiki yangu Uyole. Tumbo lilimsumbua, akaandikiwa Plasil kwenye kituo kimoja, ikamsaidia, na tangu hapo mwanawe akawa anainunua dukani kila inapokwisha. Miezi ikapita. Mikono yote miwili ikaanza kutetemeka, uso ukawa mkavu kama wa mtu aliyenuna, akawa anavuta miguu. Mtaani wapo waliosema uzee, wapo waliomtaja mke mwenzake wa zamani. Daktari kijana aliyemwona baadaye hakuanza na kuandika. Aliomba mfuko wa dawa umwagwe mezani: vidonge vya presha, vya maumivu, pakiti tatu za Plasil, moja ikiwa imebaki vidonge viwili. Akaziweka Plasil kando na kusema zisinunuliwe tena. Ilichukua wiki nyingi, lakini msimu wa kuvuna mahindi yule mama alikuwa amekaa uani anapukuchua, mikono imetulia. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema Plasil isitumike zaidi ya siku tano. Kwetu inauzwa kama peremende.

Asingekutana na daktari yule, nadhani njia ingekuwa ile iliyozoeleka: kutetemeka kunaongezewa Artane, dawa ya kupunguza kutetemeka, Artane inafunga choo na kumchanganya akili mzee, kuchanganyikiwa kunaletewa haloperidoli, na haloperidoli inarudisha kutetemeka. Mtu mmoja, dawa tatu, na mbili kati yake zinatibu dhara la iliyotangulia.

Mikoa yetu ina mzigo wa ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta Njombe ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa na Mbeya zinafuata kwa karibu. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi, ilijulikana kwa ndoto za kutisha na huzuni. Dolutegraviri iliyochukua nafasi yake ni nafuu zaidi, ila kwa baadhi hukata usingizi, na kwao kumeza asubuhi husaidia. Anayelalamika kwamba halali aulizwe anameza ARV saa ngapi kabla ya kuandikiwa Valium.

Tena kuna siku dawa inapokosekana. Bohari ya Dawa ina kanda Mbeya na Iringa, lakini kidonge cha akili kikiisha kwenye kituo mgonjwa huambiwa "rudi wiki ijayo" kama vile ni ya mafua. Kukatika ghafla kwa diazepamu kunaweza kuleta degedege. Kwa levodopa kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakotishia uhai. Dawa nyingi za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na hisia kama za shoti ya umeme kichwani, ingawa fluoksetini hutoka mwilini polepole kwa hiyo husumbua kidogo. Kituo kijue ni nani anatumia nini, na akiba ikikaribia kwisha wagonjwa hao wapigiwe simu kwanza.

Wachungaji wetu nao wana nafasi kubwa, kwa sababu wengi hufika kwao kabla ya hospitali. Maombi na vidonge havigombani. Mchungaji anayemwambia muumini aendelee kumeza huku akiombewa amemkinga na hatari ambayo nimeieleza hapo juu, na ningependa wahudumu wa afya wakae na wachungaji wa eneo lao, wawaeleze kuhusu kuacha dawa ghafla kwa lugha hiihii ya kawaida.

Kwa mgonjwa mwenyewe na anayemuuguza, dirishani uliza matatu: itanisumbua vipi na kwa muda gani, nafuu niitarajie lini, na nikitaka kuiacha niiache vipi. Majibu yaandikwe kwenye daftari la kliniki pamoja na tarehe ya kuanza. Kila unapokwenda kwa daktari mpya beba dawa zote, na zile za dukani, na za mitishamba. Dhara likitokea, mwambie mhudumu alipeleke TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini, ambayo hupokea taarifa za namna hiyo hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Usidhani kwamba taarifa yako ni ndogo mno. Kutetemeka kwa mikono ya mama yule wa Uyole nako kulianza kwa kikombe cha chai kilichokuwa kinamwagika kidogo.